Mama Mkwe Anazungumza na Jibini Tumboni Mwangu

Mpendwa Bi Mapenzi,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Jumapili, na kama haiwezekani kabla ya Jumapili basi uniombee dua hata kama mimi ni mtu wa kanisa, kwa sababu jambo lililonipata sijui nimweleze nani, kila ninayemfikiria ama atacheka ama atalia, na mimi mwenyewe nimeshafanya yote mawili.

Mimi ni mke wa mtu, tunakaa hapa Ukunda, mume wangu anaitwa Musyoki na ni fundi wa pampu za mabwawa ya kuogelea, na mimi ninafanya usafi katika nyumba moja ya wageni kule Diani, zile nyumba za kukodishwa, ambazo mgeni akija anajaza friji kana kwamba kuna vita na akiondoka anaacha nusu. Sasa pale kazini tuna utaratibu wetu, mgeni akishatoka getini tunafungua friji na kila mtu ana fungu lake, mpishi anachukua mafuta na siagi, mlinzi anachukua mkate na mayai, mtu wa bustani anachukua juisi, na mimi kwa kuwa nilikuwa wa mwisho kuajiriwa niliachiwa kitu ambacho hakuna aliyekitaka, yaani jibini.

Mara ya kwanza lilikuwa kipande kigumu cha manjano, nikalipeleka nyumbani nikaliweka mezani, Musyoki akalikuta akaenda nalo bafuni akajisugua nalo mgongo, akatoka akilalamika kwamba sabuni za Diani hazitoi povu. Mara ya pili lilikuwa la namna nyingine, laini, lina ngozi ya rangi ya chungwa, na harufu yake, Bi Mapenzi, nisikudanganye, ni harufu ya soksi zilizofungiwa ndani ya buti wiki nzima. Nilitaka kulitupa, lakini nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu chai kavu ya alfajiri, kazini huwa sili mchana kwa sababu nikila nasinzia, basi nikabana pua nikalionja kwa ncha ya kisu. Laiti nisingelionja.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikitandika vitanda naliwaza, nikiwa kwenye kwaya naliwaza, nimefika mahali nawatazama wageni wakiwa bado wamo majini wanacheka na watoto wao na mimi moyoni nawaombea wasafiri salama, lakini mapema. Siku moja mpishi wetu Lewis, kijana aliyetoka Nairobi, alinikuta nalamba karatasi lilimofungiwa, akaniambia, "Siz, wachana na hiyo kitu! Nimeisoma kwa simu, inashika kichwa vile unga hushika. Utakuwa mteja, haki ya nani, utakuja kulala kwa mtaro." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sikulala vizuri, kwa sababu wateja wa unga, waliotekwa na dawa za kulevya, tunawaona hapa Ukunda, vijana wa watu wamejikunja vibarazani, na mimi nikajiuliza je, nami nimeanza hivyo hivyo, kwa kuonja?

Hilo ni moja. Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mama mkwe wangu, Mama Mbinya, ana shamba lake kule juu Mkongani, na tangu mzee wake Munee afariki mama alikuwa amenyamaza, hali, hasemi, vikundi vya akina mama haendi, ukimsalimia anaitikia kama mtu aliye chumba cha pili. Musyoki akaona amlete akae nasi kidogo abadilishe hewa. Basi alasiri moja akanikuta jikoni nimefumba macho nakula jibini lile la soksi kwa ndizi mbivu. Akasimama mlangoni. Akanitazama uso, akanitazama tumbo, ambalo kusema kweli limeongezeka kwa sababu jibini si mchicha, akapiga kigelegele hadi mwenye nyumba akatoka na taulo.

Nikasema, "Mama, si hivyo." Akaniambia, "Nyamaza mwanangu, jambo kama hili halitangazwi mapema," na huku mtaa mzima umeshasikia.

Musyoki aliporudi akaambiwa mke wako ana mimba na roho yake inataka jibini, na mwenye mimba hanyimwi, usipompa mtoto atatoka na alama. Bi Mapenzi, tumeoana miaka na mtoto hatujapata, na Musyoki hajawahi kunisema hata siku moja, lakini siku hiyo niliona uso wake. Aliondoka na ovaroli ya kazi akaingia supamaketi ile ya watalii, akarudi na pande la jibini kama tofali, akaliweka mbele yangu akapiga magoti. Hata siku ya kuniposa hakupiga magoti! Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo niseme, likaingia jibini.

Na siku zangu zimekuja kama kawaida, nimepima pia, hakuna kitu. Kuna jibini tu.

Sasa sikiliza balaa. Sisi Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake mzaa baba, na nyanya anamwita mjukuu huyo "mume wangu", si kwa mzaha, ni kwa sababu mzee amerudi. Mama ameshaamua ni mvulana. Kila jioni tukishakula ananisogelea, ananiwekea kiganja tumboni na kuanza: "Munee, umeniachia ua nusu, mbuzi wa Mwinga wanaingia wanakula mihogo yangu. Munee, ile redio yako imekataa, umeificha wapi waya yake? Munee, kwa nini uliondoka nikiwa nimekwenda kuchota maji, hukuweza kungoja hata mtungi ujae?" Na tumbo langu, kwa sababu ya jibini, linanguruma. Mama anaruka, anamwita Musyoki, "Njoo usikie, babako ananijibu!"

Bi Mapenzi, anakula siku hizi. Anaimba akiosha vyombo. Amenenepa mashavu. Musyoki ananiambia, "Mke wangu, umenirudishia mama." Na juzi nilikuwa peke yangu, nikajikuta nami nimeweka mkono tumboni nasema, baba, wanakusubiri. Kisha nikakumbuka hakuna mtu, nikalia hadi nikaishiwa nguvu.

Jumapili hii mama ananipeleka kanisani Mkongani kwa sala ya shukrani, kwaya imeambiwa, mbuzi amechaguliwa, akina mama wameshona sare. Nimewaza nianguke njiani niseme imetoka, yaishe, nisamehewe bila kuulizwa. Nikisema ukweli nitamuua mume wake mara ya pili, na nikinyamaza nitazaa nini, siagi? Tena nikikosa jibini siku mbili nakuwa mkali kama nyuki. Je, nimekuwa mteja kweli? Nifanye nini? Tafadhali usinitaje jina.

Mimi Mwenye Tumbo Lisilo na Mtu,
Ukunda

BI MAPENZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umeniomba nisikutaje jina, kisha umeandika la mumeo, la mkweo, la marehemu, la mpishi, la mwenye mbuzi, na hadi rangi ya geti la nyumba unayofanyia kazi. Yote nimeyabadilisha mimi, na geti nimelitoa. Siku nyingine ukitaka siri, anza kuitunza wewe.

Tuanze na jibini kwa sababu ndilo jepesi. Nimemwendea Judy, mtaalamu wa lishe ambaye huja hapa kwetu kuzungumza na akina mama. Nilipomsomea barua yako alicheka kwanza, ikabidi nimpe maji. Alipotulia akanieleza hivi.

Huyo Lewis wako hakutunga. Amesoma robo ya habari, na robo ndiyo inayotia watu wasiwasi. Ndani ya maziwa mna protini iitwayo kasini. Ikishafika tumboni inakatika vipande vidogo vidogo, na baadhi ya vipande hivyo vimefanana kidogo na dawa za kutuliza maumivu, vinaweza kugusa milango ile ile ya ubongo. Kugusa tu! Vinabisha hodi kwa ukucha. Hakuna aliyethibitisha kwamba mtu mzima akila jibini vinafika ubongoni kwa wingi wa kumlevya. Na maziwa unayotia kwenye chai yana kasini hiyo hiyo, mbona hujaona mtu kalala mtaroni kwa sababu ya chai ya maziwa? Kijana wa unga akikosa unga anatetemeka, anatapika, mwili wote unamuuma. Wewe ukikosa jibini unamfokea Musyoki. Hiyo si arosto, hiyo ni tabia, na usiwatukane watoto wa watu walio kwenye mateso ya kweli kwa kujiweka kwenye fungu lao.

Basi kwa nini linakuita? Kwa sababu ni maziwa ya ndoo nzima yaliyokandamizwa yakawa kipande cha kutosha kiganjani. Mafuta yamo, chumvi imo. Mwili wa binadamu ulijifunza zamani sana, siku za njaa, kwamba ukikutana na mafuta usiyaache, na ukikutana na chumvi usiiache, na ukivikuta vyote viwili mahali pamoja unashangilia. Wewe unafanya nini? Unatoka nyumbani na chai kavu, unashinda unasugua sakafu na joto hili la Diani, jasho linakutoka na chumvi yake, mchana huli, halafu unakutana na mafuta na chumvi ndani ya karatasi. Ulitarajia mwili wako useme hapana asante?

Kisha kuna ile ladha ya utamu usio wa sukari. Jibini likikaa muda mrefu protini zake zinavunjika na kuachia ladha nzito inayojaza mdomo, ile ile iliyomo kwenye nyanya iliyopikwa ikakauka na kwenye papa mkavu. Sisi wa Pwani tunampika papa mtaa mzima unajua, mgeni anakimbia na sisi tunaongeza sima. Mbona hatujaambiwa tumerogwa? Pua inakataa mara ya kwanza, lakini tumbo likishashiba ubongo unaandika: harufu hii, shibe hii. Mara ya tatu harufu yenyewe inakutia mate. Na kuhusu soksi, hukukosea. Judy anasema vijidudu vinavyolipa jibini hilo ngozi ya chungwa ni ndugu wa karibu wa vile vinavyoishi kwenye miguu ya watu. Nimeona nikuambie, labda itakusaidia kupunguza.

Dawa yake ni hii: kula asubuhi, kiamsha kinywa cha mtu anayefanya kazi, yai, muhogo, maharagwe ya jana, chochote kilicho na uzito. Kula mchana, na ukisinzia, sinzia. Kunywa maji. Jibini kipande kidogo ukiwa umeshiba, si ukiwa na njaa. Na mwambie Musyoki mgongo una sabuni yake.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa ukali ili wasomaji wengine wasikie. Hilo jibini laini ambalo mumeo na mkweo wanakulisha kwa mapenzi, kama limetengenezwa kwa maziwa mabichi, mwenye mimba ya kweli hukatazwa, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto. Kwa hiyo siku Mungu atakapokujalia, na namwomba akujalie, usiwaachie waliopiga kigelegele wakupangie chakula. Nenda kliniki.

Sasa tuje kwa Mama Mbinya.

Mwanangu, barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa nacheka hadi machozi, nikafika pale pa mtungi wa maji, nikaacha kucheka. Nikaenda nikakaa nje kidogo. Nimefiwa na mume mimi pia, na mimi pia nilikuwa nimetoka kidogo tu. Kwa hiyo sikuhukumu kwa kunyamaza siku ile ya kwanza. Nyumba iliyokuwa imekauka ikaingiwa na furaha, nani angekuwa na moyo wa kuifukuza? Nakuhukumu kwa siku zilizofuata, kila moja, maana kila jioni uliyokaa ukawekewa kiganja ulikuwa unajua. Na nakuhukumu zaidi kwa lile wazo la kuanguka njiani.

Lifute! Lifute leo, usilibakishe hata kwenye ndoto. Unasema ukisema ukweli utamuua Munee mara ya pili. Si kweli. Ukisema ukweli Munee atakuwa palepale alipo, kwenye kaburi lake Mkongani, na mama atakasirika, na atalia, na pengine atarudi shambani bila kukuaga. Lakini ukisema imetoka, hapo ndipo utakapomfisha kwa mkono wako. Utampa mama msiba wa mtu ambaye hakuwapo, atamlilia, atajilaumu kwamba alikupandisha mlima wa Mkongani ukiwa na hali hiyo, atakufa akijilaumu, na wewe utakuwa umekaa pembeni unafarijiwa. Unaweza kula jibini gani likapita kooni baada ya hapo?

Fanya hivi. Leo, Musyoki akiingia, kabla hajavua ovaroli, mwambie yeye kwanza. Usimwambie mbele ya mama, usimpe mama kazi ya kumwangalia mwanawe akivunjika. Mwambie, "Sina mimba, nilijua, niliogopa, na nilipokuona unafurahi nilitamani iwe kweli." Maneno hayo hayo, usiongeze Lewis wala wageni wala friji. Akikasirika muache akasirike, ana haki. Akishatulia, mwambie hivi pia: wiki ijayo tunaenda hospitali sote wawili tukapimwe sote wawili. Umeandika karatasi tatu na hakuna mahali uliposema Musyoki amewahi kupimwa. Mimba haitafutwi na mwanamke peke yake, na miaka yote hiyo ya kutosemana si upole, ni woga wa watu wawili.

Kisha nyinyi wawili mkae na mama, kesho, mchana, si Jumamosi usiku mbuzi akiwa kwenye kamba. Useme wewe, si mumeo. Piga magoti, maana safari hii ni zamu yako. Usimwambie "ulinielewa vibaya", kwa sababu hakukuelewa vibaya, ulimwacha. Mwombe radhi kwa jina lake na kwa jina la mzee wake. Atakayepeleka habari kanisani ni wewe na Musyoki, mkamwone mchungaji kabla ya Jumapili, ili mama asisimame mbele ya kwaya akaona aibu isiyo yake.

Nami najua unachoogopa kuliko hayo yote. Unaogopa ataacha kula tena, ataacha kuimba, atarudi kile chumba cha pili. Basi nikuambie kitu ambacho hukukiona, na kimeandikwa kwenye barua yako mwenyewe. Kilichomfufua mama yule si mjukuu. Hakuliambia tumbo lako habari za nepi wala uji. Alizungumza na mumewe, akamgombeza kwa ua, akamuuliza waya ya redio, akamwambia alivyoumia. Tangu azike hakuna aliyempa nafasi ya kuyasema hayo. Nyinyi mlimpeleka kubadilisha hewa, pengine mkamwekea na televisheni, mkamnyamazia kwa heshima. Akaona tumbo, akaona hapa pana mtu wa kunisikiliza.

Kwa hiyo kesho ukishamwambia ukweli, na kilio kikishapungua, usikimbilie jikoni. Kaa hapo hapo alipo. Muulize alikuwa amefika wapi na ule mtungi alipoletewa habari. Akikataa kujibu, keshokutwa kaa tena. Tumbo lako halina masikio, mwanangu, lakini wewe unayo.